Hizi Barabara Tulivu za Nakuru Zina Wenyewe

Wasee, kuna neno moja limeanza kunikera kwenye picha za baiskeli za wikendi. Neno lenyewe ni "nimegundua". Jumamosi ikifika, watu wa Nakuru na wale wanaotoka Nairobi wanatoa baiskeli zao, wanaelekea Njoro, Subukia ama Elementaita, na jioni picha zinaanza kumiminika. Barabara nyembamba ya vumbi, mikaratusi pande zote mbili, kilima kwa mbali, gari hakuna. Chini yake mtu ameandika: nimegundua barabara haina mtu.

Picha ni poa, siwezi kudanganya. Mimi mwenyewe nikipata nafasi ya kutoka mjini juu ya magurudumu mawili sihitaji kuombwa mara ya pili. Lakini hebu tuulizane polepole: haina mtu, ama haina gari? Kuza hiyo picha kidogo. Pale kushoto kuna mama na mzigo wa kuni mgongoni. Mbele kuna mzee kwenye baiskeli nyeusi, mtungi wa maziwa umefungwa kwa keria na mpira wa tairi kuukuu. Kwenye kona kuna watoto wa shule wanarudi nyumbani. Hiyo barabara imejaa watu. Ni vile tu hukuwahesabu.

Na hii si mara ya kwanza watu wa hapa kutohesabiwa. Bonde la Ufa lote liliwahi kuandikwa hivyo hivyo, ati ni nchi tupu, na yaliyofuata tunaishi nayo mpaka leo. Kwa hivyo nataka tupite njia tatu ambazo waendesha baiskeli wanazipenda sana huku kwetu, na kwa kila moja tuulize maswali mawili: nani aliichora, na nani ameitumia? Ukishapata majibu, najua hutaandika tena kwamba umegundua.

HUU UTULIVU UMETOKA WAPI?

Tuanze na pale ambapo hakuna utulivu. Barabara kuu ya Nairobi, Nakuru hadi Mau Summit ndiyo inabeba mizigo ya Mombasa kwenda Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na mashariki ya Kongo. Ni trela baada ya trela. Ukipita Salgaa, mteremko unakuwa mrefu, breki zinachoka, na majina ya huko yamebeba misiba. Sachangwan, Januari 2009: lori la mafuta lilianguka, watu wakakimbilia kuchota, moto ukawaka, zaidi ya watu 100 wakafa. Migaa, 31 Desemba 2017: basi na lori ziligongana, watu 36 wakapoteza maisha. Sasa nani na akili zake atapeleka baiskeli pale kama ana njia nyingine?

Ndiyo maana tunakata kona tunaingia ndani. Lakini hata hizo njia za ndani hazikuota kama uyoga baada ya mvua.

Reli ya Uganda ilianza Mombasa 1896. Ikafika Nairobi 1899, Nakuru 1900, na Desemba 1901 ikagusa ziwa pale Kisumu, baada ya kupitia Njoro, Elburgon, Molo na Londiani. Ilikuwa imekula mamilioni ya pauni za Uingereza, na sasa ilihitaji mizigo ili ijilipe. Jibu la wakoloni likawa rahisi: waleteni walowezi walime kando ya reli. Mwaka 1903, Lord Delamere akapewa ekari 100,000 pale Njoro. Mwaka uliofuata, 1904, Wamaasai wakawekewa mkataba wa kuondoka kwenye malisho yao ya Bonde la Ufa, wengine waende Laikipia na wengine kusini. Mkataba ulisema utadumu maadamu Wamaasai wapo duniani. Ulidumu miaka saba. Mwaka 1911 waliokuwa Laikipia nao wakaambiwa wahame tena.

Watu walihamishwa, majina yakabaki. Nakuru, tunaambiwa, inatokana na neno la Kimaasai la mahali pa vumbi. Elementaita vilevile, vumbi. Kila mara unapojifuta vumbi usoni baada ya kupanda kilima, ujue kuna mtu aliyapa hayo mahali jina kabla ya ramani yoyote ya mzungu, na alijua anachosema.

Sasa chukua ramani kwenye simu yako. Barabara nyingi za ndani upande wa Njoro, Molo, Subukia na Solai zinafanya kazi moja: zinatoka mashambani zinashuka kwenye stesheni. Miaka ya 1920 matawi ya reli yakaongezwa kuelekea Solai na kutoka Gilgil kwenda Thomson's Falls, mji ambao leo tunauita Nyahururu. Njia zikafuata mipaka ya mashamba. Ndiyo maana wakati mwingine unaenda mstari mmoja kilomita nzima, halafu ghafla kona kali katikati ya uwanda, na hakuna mto wala jiwe. Mara nyingi pale ndipo shamba la mzungu mmoja lilipoishia na la mwingine likaanza.

Na Mwafrika alipita vipi kwenye hizo barabara? Kuanzia 1920, kila mwanaume mzima alitakiwa kutembea na kipande, kadi yenye alama za vidole na rekodi ya kazi yake, ndani ya kibweta cha chuma kilichoning'inia shingoni. Wakikuyu walikiita mbugi, kengele ya mbuzi, kwa sababu hivyo ndivyo walivyojisikia. Kama mwajiri hajatia sahihi kwamba amekuachilia, ukiondoka shambani wewe ni mtoro. Gunia la ngano lilipita barabara ile ile bila kuulizwa swali. Mtu aliyelivuna ndiye aliulizwa anaenda wapi.

NJIA YA KWANZA: NJORO HADI MAU NARUKO LA BARIDI

Naam, naiita hivyo kwa utani kwa sababu Mau Narok ni baridi na haina huruma. Unatoka Nakuru, jiji lililo kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Unafika Njoro baada ya kama kilomita 20, na kutoka hapo ni kupanda tu mpaka uvuke mita 2,700. Hewa inakuwa nyembamba, miguu inawaka, pande zote ni ngano, shayiri na viazi. Ukungu ukishuka saa tatu asubuhi, unasikia punda kabla hujamwona.

Hapa ndipo Delamere alipojaribu ngano na akapigwa vibaya na ugonjwa wa kutu. Cha ajabu ni kwamba vita hivyo havijaisha. Mpaka leo kituo cha utafiti wa kilimo cha Njoro kinapokea mbegu za ngano kutoka nchi nyingi duniani, zinapandwa hapa ili ionekane ni zipi zinastahimili aina kali ya kutu iliyotambuliwa Uganda mwishoni mwa miaka ya 1990. Mkate wa mtu wa Asia unaweza kuwa umepimwa kando ya barabara unayopita ukisikiliza muziki.

Njiani pia kuna ile kasri ya Lord Egerton, ambayo ujenzi wake ulianza 1938, na chuo kikuu ambacho kilianza 1939 kama shule ya kilimo ya walowezi. Kila mtu anajua hadithi ya kasri, ati bwana alimjengea mwanamke nyumba na mwanamke akamkataa. Imesimuliwa mpaka imechosha. Lakini jiulize, umewahi kusikia hadithi ya waliobeba hayo mawe? Walilala wapi? Walirudi nyumbani kwa barabara gani? Moyo uliovunjika wa tajiri mmoja umepata waongoza watalii, lakini migongo ya wafanyakazi haijapata hata kibao kimoja. Hiyo ndiyo namna ya kuhesabu ninayoisema.

Baada ya uhuru mambo yalibadilika, lakini si kwa usawa. Mpango wa kugawa ekari milioni moja ulianza 1962, na vyama na kampuni za kununua ardhi zikafuata. Watu walichanga pesa kidogo kidogo, wakanunua shamba la mzungu, wakaligawa vipande. Njia iliyokuwa ya trekta la mtu mmoja ikawa njia ya familia mia mbili. Na hapo ndipo baiskeli ilipoingia kazini kwa nguvu.

Baiskeli ilipeleka maziwa mahali lori la KCC linasimama. KCC yenyewe ilianzishwa 1925 na walowezi kwa ajili ya maziwa yao, lakini baadaye wakulima wadogo ndio wakawa wanaijaza. Baiskeli ilibeba magunia ya pareto, lile ua jeupe linalotengeneza dawa ya wadudu. Kuna wakati Kenya ndiyo ilikuwa inalisha sehemu kubwa ya soko la dunia la pareto, na makao makuu ya bodi yake yalikuwa hapa hapa Nakuru. Biashara ikaporomoka, wakulima wakakaa miaka bila kulipwa, wengi wakang'oa. Lakini ukikuta mzee huko juu na ile baiskeli nzito tunayoita Black Mamba, mwulize ilikuwa inabeba nini miaka ya themanini. Utapata somo la uchumi ambalo shuleni hukupewa.

NJIA YA PILI: KANDO YA ELEMENTAITA

Huku kwetu hakuna bahari, lakini pwani tunayo, ya maziwa. Njia za vumbi karibu na Ziwa Elementaita ni tambarare kiasi, nzuri kwa anayeanza. Upande mmoja ni maji ya magadi na mwari weupe wanaozaliana kwenye visiwa vidogo, upande mwingine ni mawe ya volkano. Sehemu kubwa iko ndani ya hifadhi ya Soysambu, kwa hivyo lipa langoni na upate ruhusa kwanza. Tangu 2011 ziwa hili, pamoja na Nakuru na Bogoria, liko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Angalia pia ramani yako ni ya lini. Maziwa ya Bonde la Ufa yamekuwa yakipanda tangu mwanzo wa miaka ya 2010, mpaka lango kuu la hifadhi ya Nakuru likalazimika kuhamishwa. Njia ya zamani inaweza kuwa iko chini ya maji.

Hapo kando ya ziwa kuna kilima ambacho ukikitazama vizuri kinafanana na mtu amelala chali, uso unaangalia mbingu. Wamaasai walimwona moran aliyelala. Walowezi wakakitazama kilima hicho hicho, wakakiita Pua ya Delamere. Mlima mmoja, mataifa mawili ya macho. Jina unalochagua kutumia linasema umesimama upande gani wa hadithi. Mimi namchagua moran, bila hata kufikiria mara mbili.

Ukivuka upande wa Gilgil unafika Kariandusi, ambapo Louis Leakey alianza kuchimba miaka ya 1920. Mashoka ya mawe yamelala pale chini mamia ya maelfu ya miaka, mengi yamechongwa kwa jiwe jeusi la volkano linalong'aa kama kioo. Maana yake watu walikuwa wakipita ukingo wa ziwa hili, wakitafuta maji na nyama, kabla hata neno barabara halijafikiriwa. Na leo, umbali mfupi tu kutoka hapo, Kikopey, madereva wanasimama kula nyama choma. Yaani kazi ya mahali hapa haijabadilika: msafiri anapita, ana njaa, anakata nyama.

NJIA YA TATU: BAHATI, SUBUKIA, NYAHURURU

Hii ndiyo ya wenye mapafu. Kutoka Nakuru unapanda Bahati, halafu nchi inafunguka mbele yako na barabara inadondoka kwenye bonde la Subukia. Ukifurahia kushuka, kumbuka kuna ukuta unakungoja ng'ambo: lazima upande tena kufika Nyahururu, kwenye mita zaidi ya 2,300. Jumla ni kama kilomita 65, na karibu na Subukia unavuka ikweta. Kama breki zako zinapiga kelele, zibadilishe kabla ya kwenda.

Huo ukuta una historia yake. Tarehe 6 Januari 1928 ardhi ya hapa ilitikisika kwa kipimo cha 6.9, tetemeko kubwa zaidi kuwahi kurekodiwa Kenya. Ardhi ilipasuka chini ya ukingo wa Laikipia na alama yake ikabaki. Ukipanda pale huku unalaani mteremko, unalaani kazi ambayo dunia bado inaifanya.

Subukia pia kuna madhabahu ya Bikira Maria, ambapo Wakatoliki kutoka kila kona ya Kenya hukusanyika kila Oktoba kwa siku ya taifa ya maombi. Wengine hutembea kwa miguu siku kadhaa kufika. Kwa hivyo hata hii barabara ambayo baadhi yetu tunaipigia picha kama jangwa la utulivu, kuna wiki inajaa nyimbo na rozari.

Mwisho wa njia ni maporomoko ya Nyahururu, mita 74 za maji yanayoanguka. Mwaka 1883 Joseph Thomson, Mskoti mmoja mpelelezi, alipita hapa, na maporomoko yakapata jina lake, na mji nao. Alikuwa mgeni, alipita, akaandika. Je, yule aliyekuwa akichota maji pale kila siku, yeye alikuwa hajagundua? Ndiyo maana lile neno linanikera. Lina miaka zaidi ya 140 na bado linafanya kazi ile ile.

MBIO ZA MAGARI NA MAGUU YA WATU

Sasa hapa ndipo hadithi inauma. Mwaka 1953, kati ya Mei na Juni, magari yalishindana kwa mara ya kwanza katika mbio zilizokatiza Kenya, Uganda na Tanganyika. Ziliitwa Coronation Safari, kumsherehekea Malkia Elizabeth II aliyekuwa anatawazwa. Hiyo ndiyo Safari Rally tunayoijua. Ni historia tamu, tunaipenda.

Lakini mwaka huo huo Kenya ilikuwa chini ya Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952. Kwenye mashamba haya ya Njoro, Subukia, Molo na Ol Kalou, familia za Wakikuyu waliokuwa maskwota, wengine wamezaliwa hapo, walikuwa wanang'olewa kwa makumi ya maelfu. Walipakiwa kwenye malori na mabehewa kurudishwa "kwao", mahali ambapo wengi hawakuwahi kuishi. Kambi za kuwashikilia njiani zilikuwa Nakuru, Gilgil na Thomson's Falls. Soma tena hayo majina. Ndizo njia zetu za wikendi. Nchi moja, mwaka mmoja: mmoja anakimbiza gari kwa furaha, mwingine anahesabiwa kambini na godoro lake kichwani.

Na msifikiri yaliishia kwa mkoloni. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Tume ya Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini, na Nakuru, Naivasha, Molo na Kuresoi zilikuwa katikati ya moto. Uwanja wa maonyesho wa Nakuru ukawa kambi ya wakimbizi wa ndani. Kuna wazazi wetu walipita hizo njia za vumbi usiku, mtoto mgongoni, wakiogopa barabara kuu kwa sababu ilikuwa imefungwa kwa mawe. Wewe na mimi tulikuwa wadogo, wengine hata hatujazaliwa. Lakini ukisimama kibandani Njoro ama Mau Narok kunywa chai, mtu anayekumiminia anaweza kuwa anakumbuka vizuri sana. Huna haja ya kumhoji. Inatosha usiseme mbele yake kwamba huku hakujawahi kutokea kitu.

Safari Rally ilirudi kwenye mashindano ya dunia 2021, Naivasha, na moja ya vipande vyake inapita karibu na yule moran aliyelala. Siku hizo barabara zinasawazishwa, polisi wanajaa, helikopta zinaruka. Mimi sipingi, hata mimi napenda vumbi la rally. Swali langu ni moja tu: kama tunaweza kulipanga taifa zima kwa gari linalopita kwa sekunde tatu, kwa nini mzee wa maziwa anayepita hapo siku 365 kwa mwaka hana hata mita moja ya njia yake?

BAISKELI SI AIBU

Jibu moja ni kwamba tulifundishwa kuona baiskeli kama umaskini. Hebu tukumbuke. Boda boda, hilo neno lenyewe, lilizaliwa na baiskeli. Miaka ya 1960, kule Busia na Malaba, vijana walikuwa wanavusha watu na mizigo kutoka mpaka mmoja hadi mwingine. Ikasambaa mpaka miji ikajaa, na Nakuru ikiwemo, kiti cha nyuma kimewekwa sponji na kitambaa cha maua. Halafu 2008 serikali ikaondoa ushuru kwa pikipiki ndogo, na ndani ya miaka michache baiskeli zikasukumwa nje. Pikipiki imelisha familia nyingi, siwezi kuitukana. Lakini tangu hapo kijana kwenye baiskeli anaulizwa, "Pikipiki umeuza?"

Na huku tukicheka, nchi hii hii imetoa watu. David Kinjah alikuwa anafundisha vijana pale Kikuyu bila vifaa vya maana, na mmoja wao, Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, akaenda kushinda Tour de France mara nne: 2013, 2015, 2016 na 2017. Alishinda kwa bendera ya Uingereza, lakini mara ya kwanza aliposhiriki Michezo ya Jumuiya ya Madola, Melbourne 2006, alivaa rangi za Kenya. Halafu kuna Suleiman Kangangi, nahodha wa Team Amani, aliyekuwa anataka kuonyesha kwamba mwendesha baiskeli wa Afrika Mashariki hahitaji kuhama ili awe mtu. Alifariki Agosti 2022 kwenye mashindano huko Vermont, Marekani, akiwa na miaka 33. Barabara za vumbi ndizo alizipigania zaidi, kwa sababu alijua hizo ndizo tunazo kwa wingi.

KWA NINI NASEMA HAYA SASA

Mwisho wa Novemba 2025, ujenzi wa kupanua barabara kuu kutoka Rironi hadi Mau Summit ulizinduliwa, na itakuwa ya kulipia. Ni jambo linalohitajika, hakuna anayetaka Sachangwan nyingine. Lakini fikiria hatua moja mbele. Dereva asiyetaka kulipa atafanya nini? Atatafuta njia ya pembeni. Njia ya pembeni ni hii yako ya picha. Ni hii ya mzee wa maziwa, ya wale watoto wa shule, ya mama na kuni zake. Kenya tunapoteza zaidi ya watu 4,000 kila mwaka barabarani, na kundi kubwa kuliko yote ni wanaotembea kwa miguu. Utulivu unaoupenda unaweza kuisha kabla hujalipa deni la baiskeli yako.

Mhandisi akiambiwa barabara "haina mtu", anachora bila njia ya miguu, bila kivuko, bila matuta karibu na shule. Halaumiwi, kwa sababu karatasi inamwambia hakuna wa kugongwa. Kwa hivyo tukisambaza maneno hayo kwenye maelfu ya simu, tunamsaidia kuchora vibaya.

Nina maombi matatu tu, na hakuna hata moja linalogharimu zaidi ya chai na mandazi.

Moja, andika majina. Ukiweka picha, weka jina la mahali kama wenyeji wanavyoliita, na kama hulijui, simama uulize. Salimia kwanza, kwa sababu huku kwetu mtu hapitwi kimya kama mti. "Shikamoo mzee, hapa panaitwaje?" Utapewa jina, na mara nyingi utapewa hadithi juu yake.

Mbili, acha pesa njiani. Maji, ndizi, chapati, pancha ikibidi. Barabara inayokufurahisha inatunzwa na watu wanaoishi kando yake, wao ndio wanaziba mashimo kwa jembe mvua ikipita.

Tatu, nenda kwenye vikao. Katiba ya 2010 inataka wananchi washirikishwe, na kaunti lazima iite watu kabla ya kupitisha bajeti. Vikao hivyo hufanyika katikati ya wiki, kwenye ukumbi wa chifu ama kanisani, na wanaokuja ni wachache. Nenda na swali moja: njia ya baiskeli na ya miguu iko wapi kwenye huu mchoro? Mzee wa maziwa hana wakati wa kwenda, lazima maziwa yafike kabla ya saa mbili. Wewe una simu, una sauti, na una Jumanne moja bila darasa.

Halafu wikendi ikifika, pandeni. Njoro, Elementaita, Subukia, popote. Pigeni picha mpaka simu ijae. Ila mkimwona yule mzee kwenye kona, msisubiri atoke ndio picha iwe safi. Mwombeni ruhusa, na akikubali, aingie kwenye picha na baiskeli yake.